Pikapu ya Kaka Elinami, kwa Kamba, kutoka Kisongo hadi Juu ya Tengeru

Mmeniuliza sana, wenzangu wa karakana na majirani zangu wa Daraja Mbili, na kila mmoja nimemjibu kipande. Nimeona niandike mara moja, msome kwa zamu, mniache nirande mbao zangu. Wengine mnataka kujua msiba uliishaje. Wengine, hasa wenye bajaji, mnataka kujua sheria inasemaje kuhusu kuvuta gari kwa kamba. Hilo la pili nawajibu mapema: sijui. Siku hiyo moja nilikutana na askari watatu wa barabarani, wote wenye adabu, wote waliosoma kuliko mimi niliyeishia darasa la saba, na nilipofika nilikuwa najua kidogo kuliko nilipoondoka.

Kisongo

Kaka yangu Elinami, tuliyemzika mwezi huu, alikuwa na pikapu ya bluu. Mwaka jana alinipa nikafuate mbao upande wa Makuyuni. Wakati wa kurudi ikazima Kisongo. Tuliisukuma hadi kwenye boma la Loishiye, Mwarusha anayefuga na kulima hapo, ambaye niliwahi kumtengenezea milango. Ikakaa hapo miezi kumi na minne.

Kaka aliishi kwenye kihamba, shamba la nyumbani la migomba, alichonunua baba yetu juu ya Tengeru alipohama Machame. Bila pikapu, ndizi zake zilishuka sokoni kichwani kwa mkewe. Alipougua, alishuka kliniki kwa bodaboda, amefungwa kwa kanga kwenye mgongo wa dereva ili asianguke. Kila aliponipigia simu nilimwambia wiki ijayo.

Siku mbili kabla hajafa alinishika mkono. Akasema, "Mdogo wangu, nisamehe. Nilikupa gari bovu likakutesa njiani. Lirudishe tu nyumbani, yaishe."

Nikasema nitalirudisha. Sikusema neno lingine lolote.

Sasa nawaambia ninyi, maana bila hili hamtaelewa safari yenyewe. Gari halikuwa bovu. Taa nyekundu ya oili iliwaka tangu Makuyuni. Niliiona. Nikasema moyoni, nitafika tu. Nikaendesha hadi injini ikanoki. Kaka nilimwambia imezima yenyewe, akafa akiamini hivyo, akaniomba msamaha mimi.

Kuanua tanga kulipangwa Jumamosi, na ukoo ungekaa kuzungumzia vitu vya marehemu. Nilitaka kabla ya hapo gari liwe uani, na neno hilo liwe limenitoka mbele ya mke wake, Mama Anna. La gari lilihitaji kamba. La neno sikujua linahitaji nini.

Ijumaa asubuhi nilifika kwa Loishiye. Alikuwa ameegemea Land Rover yake ya kubebea maji ya ng'ombe.

"Mchaga," akasema, "leo ndiyo umemkumbuka ng'ombe wako?"

"Ng'ombe gani?"

"Huyu wa bluu. Mwaka mzima amelala hapa. Hali, hakamuliwi, anachukua nafasi tu."

Betri ilishaondolewa, kwa ruhusa yangu, wanachajia simu. Kwa hiyo hapakuwa na honi wala taa. Tukajaza matairi upepo, tukafunga kamba nene ya manila. Loishiye akachana shuka lake kuukuu jekundu: kipande kimoja akakifunga katikati ya kamba, kimoja nyuma ya pikapu, na kimoja akanipa mkononi.

"Ukitaka nisimame, punga hicho dirishani. Ufunguo uzungushe uuache humo, usukani usije ukajifunga. Na breki usiikanyage kama mtu wa kanisani. Kanyaga kama umeona nyoka."

Tukaondoka saa tatu. Kwa gari zima, safari hiyo ni kama saa moja.

Karibu na uwanja wa ndege

Hatukwenda mbali. Karibu na uwanja wa ndege askari mwanamke alitupungia tuegeshe. Alizunguka magari yote mawili polepole, kama mtu anayechagua mbuzi.

"Leseni unayo, baba?"

"Ninayo, afande. Ila inaisha wiki ijayo."

"Leo ni nzima?"

"Leo ni nzima."

"Sasa wiki ijayo inanihusu nini? Breki zinafanya kazi?"

"Ya mguu inashika ukiikanyaga kwa miguu miwili. Ya mkono haishiki kabisa."

Loishiye alikuwa ameshuka. "Nani kakuuliza ya mkono?" akasema. "Afande, huyu ana msiba. Msamehe, anasema kila kitu."

Yule askari hakucheka. Alitufundisha bila haraka. Gari linalovutwa, alisema, lazima liwe na mtu mwenye leseni kwenye usukani, kwa sababu nalo ni gari, liko barabarani. Kamba ionekane, na kitambaa chekundu tumefanya vizuri kuweka. Taa za hatari ziwake. Nikamwambia sina betri. Akafikiri, akasema basi za gari la mbele ziwake. Na mjini tusipite, kwa sababu kwenye foleni kamba hulegea na kukaza na mtu wa bodaboda anaweza kujipitisha katikati. Tushike barabara ya mchepuko.

Nilimshukuru. Nilipanda garini nikiwa nimeelewa vizuri: hili ni gari, na mimi ni dereva wake. Kuelewa huko kulidumu kama kilomita kumi na tano.

Barabara ya mchepuko

Land Rover ikawasha taa za mbele na za hatari, tukaenda mwendo wa mtu anayetembea haraka. Nikaanza kuona jambo nisilolielewa. Magari yaliyokuja mbele yetu yalipunguza mwendo. Moja likasimama kabisa pembeni. Tulipofika karibu na Muriet, wanaume wawili waliokuwa wakipakia matofali waliacha kazi wakavua kofia. Nikapunga mkono kuwasalimu. Mkono huo ulikuwa na kitambaa chekundu, kwa hiyo Loishiye akasimama ghafla, nami nikakanyaga nyoka wangu kwa miguu miwili na kukoma kwa nafasi ya kiganja nyuma yake.

Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi alisogea dirishani kwangu. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kusaidia.

"Poleni, baba. Mnampeleka wapi?"

"Juu ya Tengeru."

"Mwanaume au mwanamke?"

"Mwanaume. Kaka yangu."

"Jamani. Aliugua?"

"Aliugua, mama."

Akaweka mkono juu ya boneti, akafumba macho. Hapo ndipo nilipotambua. Taa mchana, vitambaa vyekundu, mwendo wa pole: walidhani tunasafirisha maiti. Kila nilichomjibu kilikuwa kweli, lakini nilijiona kama ninamwibia sala.

"Mama, samahani," nikasema. "Hayumo humu. Tulishamzika."

Akafumbua macho, akachungulia nyuma. Palikuwa na tairi la akiba na mavi ya kuku.

"Sasa mnapeleka nini?"

"Gari lake."

Akaondoa mkono kwenye boneti. Halafu akasema, "Haya. Poleni na gari," akatupa mahindi mawili, na alipoona natafuta mfuko akakataa kwa mkono.

Mavi ya kuku yalikuwa na sababu. Tulipoanza tena kwenda nikasikia sauti chini ya kiti cha abiria. Kuku mweupe wa mke wa Loishiye alikuwa ameatamia humo, naye hakuona sababu ya kuondoka kwa kuwa gari limeondoka.

Askari wa pili alitukuta kabla hatujamaliza mchepuko. Mtu mzima, mwenye mvi, miwani imening'inia kifuani. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamweleza kabla hajauliza kwamba mwenzake wa kule amenifundisha, na kwamba mimi ni dereva wa gari hili.

"Lina injini?"

"Ipo, ila imenoki."

"Bima?"

"Iliisha."

"Basi hili si gari, ni mzigo," akasema kwa upole. "Mzigo hubebwa juu ya gari la kubebea. Na kama ni mzigo, wewe unafanya nini ndani yake? Mzigo hauna dereva. Shuka."

Nikashuka. Nikasimama kando ya barabara nikiitazama pikapu. Loishiye akauliza, "Mzee, akishuka, nani atashika usukani?" Yule askari akakiri kwamba hilo nalo ni swali. Akasema kamba ingekuwa mbaya hata hivyo, kwa breki kama hizi panatakiwa chuma kigumu, ili la nyuma lisiweze kuligonga la mbele. Na taa za hatari za gari la mbele hazimsaidii anayetoka nyuma, kwa sababu haoni. Nilimwona ana haki. Na yule askari mwanamke wa uwanja wa ndege nilimwona ana haki. Hapo kichwa changu kikaanza kuuma.

Kuku akalia.

"Mna abiria? Abiria haruhusiwi katika gari linalovutwa."

"Ni kuku, mzee. Hatukumpakia. Tumemkuta."

"Hata yeye ni mzigo," Loishiye akasema. "Mzigo ndani ya mzigo."

Safari hii askari alicheka, lakini akarudi kwenye swali ambalo mimi nilikuwa ninaliogopa tangu asubuhi. "Gari hili ni la nani?"

"La marehemu kaka yangu."

"Msimamizi wa mirathi ni nani?"

"Bado. Ukoo unakaa kesho."

"Kwa hiyo leo halina mwenyewe. Sasa unalihamisha kwa ruhusa ya nani?"

Nilikuwa na namba ya simu ya Mama Anna, na sikuwa nimempigia. Nilikuwa nimepanga nifike tu. Askari akaomba simu yangu, akapiga mwenyewe, akaweka sauti ya wazi. Alijitambulisha, akaeleza kwamba kuna mtu barabarani amekaa ndani ya pikapu ya bluu, anadai ni shemeji yake.

Nilisikia jogoo wa kule kihambani.

"Analileta?" Mama Anna akauliza.

"Analivuta, mama. Unaliruhusu?"

"Mume wangu alilisubiri hadi akafa," akasema. "Waacheni waje." Akakata.

Yule mzee alinirudishia simu kwa mikono miwili. Akatuambia tumalize mahindi yetu, kisha akatutafutia kwa fundi wa kuchomelea wa jirani bomba la chuma lenye pete pande zote mbili, la kuazima. Kulifunga kulituchukua hadi saa nane. Kamba tuliiacha imezungushwa juu yake, kwa tahadhari. Akaniruhusu nipande. Sikuuliza kama napanda kama dereva au kama mzigo.

Tengeru

Tengeru tulisimama kula. Mama mwenye banda aliweka mezani mabakuli mawili ya loshoro, mahindi yaliyokobolewa ndani ya mtindi mzito. Loishiye alikula la kwake na nusu ya langu. Mimi nilikuwa nafikiria jinsi nitakavyoanza. Shemeji, kuna jambo. Shemeji, unakumbuka safari ya Makuyuni. Kila mwanzo ulionekana kama wa mtu mwingine.

"Hiyo injini," Loishiye akasema akifuta mdomo, "oili ilikauka, siyo? Niliona siku ile mlipoisukuma."

"Hukusema kitu."

"Gari lako, aibu yako. Mimi nilikupa nafasi ya kuegesha tu."

Askari wa tatu, kijana, alikuja bandani bila hasira. Alisema bomba ni zuri, lakini vitambaa vyekundu viko wapi? Tukatoka kuangalia. Vyote viwili vilikuwa vimepeperuka njiani. Cha mkononi kilikuwa kimeniangukia chini ya kuku, na sikuona vizuri kumwondoa. Kijana akasema hawezi kutuacha tupande mlimani bila alama yoyote mbele na nyuma. Nikamuuliza kama hili ni gari au ni mzigo. Akaniangalia kama mtu anayejiuliza nimekula nini. "Ni gari bovu, mzee. Weka alama uende."

Nikarudi ndani kunawa na kumuaga mwenye banda. Nilipotoka, Loishiye alikuwa ameshamaliza. Kama wafanyavyo watu gari likiharibika, alikuwa amekata majani mabichi kwenye ua wa jirani, akayafunga nyuma, na fungu kubwa akalikaza kwa fundo mbele, katikati ya boneti. Nikapanda bila kuyatazama; kutoka nilipokaa, kioo kikiwa na vumbi la miezi kumi na minne, niliona kijani tu.

Kupanda

Barabara ya kwenda kwa kaka inapanda kati ya migomba na mibuni, na hiyo siku Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu hadi mabegani. Hapo huwezi kusimama. Ukisimama na breki ya mkono haishiki, utarudi Tengeru kinyumenyume.

Katika kona ya kwanza kali, upepo uligeuza majani ya boneti, nikayaona vizuri. Marefu, yenye ncha, ya kijani kibichi. Isale.

Kwa asiyetufahamu: isale kwetu Wachaga si jani la ua tu. Ukimkosea mtu, unachukua isale, unalifunga fundo, unampelekea. Akiletewa isale hakufukuzi. Hata kama umemuulia mtu wake, anasikiliza na kusamehe. Hakuna anayelichezea. Na mimi nilikuwa napandisha kihambani kwetu, siku moja kabla ya kuanua tanga, nimelifunga mbele ya gari kama maua ya harusi.

Nikapunga kitambaa. Yaani nikapunga mkono mtupu, maana kitambaa kilikuwa chini ya kuku. Loishiye akanipungia pia, akafurahi, akaongeza gia.

Majirani wa Kimachame walikuwa wanatoka kwenye vihamba vyao kuangalia. Waliona gari, kisha wakaona jani. Bibi mmoja alijifunika mdomo kwa mkono. Kijana wa pikipiki alitupita akikimbia juu, na nikajua habari zinafika kabla yangu.

Uani

Walikuwa wamesimama getini. Baba mdogo wetu na fimbo yake, wazee wawili wa ukoo, na mbele yao Mama Anna katika gauni lake jeusi. Pikapu ikaingia uani, ikasimama pale pale ilipokuwa ikisimama zamani, penye alama ya oili ardhini. Nilishuka.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Tumeona ulichokuja nacho."

Mama Anna alikwenda moja kwa moja kwenye boneti. Alifungua lile fundo kwa vidole vyake, akalishika jani kwa mikono miwili, machozi yakimtoka. "Nilikuwa na maneno mengi ya kukuambia, shemeji," akasema. "Umeyazuia. Nimepokea."

Baba mdogo akaanza kuvua kofia ili asali.

Ingewezekana kunyamaza hapo. Nawaambia ukweli, nilitamani. Gari lilikuwa limerudi, jani limepokelewa, na hakuna ambaye angeniuliza chochote tena maisha yangu yote.

"Shemeji," nikasema, "hilo jani limefungwa kwa ajili ya trafiki."

Hakuna aliyeelewa. Loishiye akasogea, amevua kofia yeye pia. "Ni kweli, mama. Nililikata Tengeru, kwenye ua wa mtu. Vitambaa vilipotea. Kwani nimekata nini?"

Mzee mmoja aliguna kama aliyepigwa. Mama Anna aliliangalia jani, akaniangalia mimi, na uso wake ukafungika.

"Kwa hiyo hukuja kuomba kitu."

"Nimekuja kuomba. Lakini bado hujajua ninaomba nini, na umeshapokea. Si haki."

Nikamwambia. Nilisimama karibu na mlango wa pikapu nikasema Makuyuni, taa nyekundu, nikaiona, nikaendesha. Nikasema alivyonishika mkono na kuniomba msamaha, na mimi nikamwacha aombe. Yalikuwa maneno machache sana. Yote yalichukua muda mfupi kuliko kufunga lile bomba.

Mama Anna alinirudishia jani.

"Hili ni la Tengeru," akasema. "Lirudishe kwa mwenye ua." Akaingia ndani.

Asubuhi

Wazee walikubaliana kwamba tanga lisianuliwe kabla jambo hilo halijakaa sawa. Nililala kwa baba mdogo, kama kulala ni kufumba macho. Loishiye alikataa kuondoka. Alisema hajawahi kuona Mchaga akikosa la kujibu, na kwamba kuku wa mke wake bado ameatamia.

Kulipokucha nilikwenda kwenye mpaka wa kihamba, mahali baba alipopanda masale yake alipofika. Nikakata jani moja, nikalifunga fundo mwenyewe. Nikatoka hadi getini, nikaingia tena kwa miguu, nikapita kando ya pikapu hadi mlangoni kwake. Nikagonga.

Alifungua akiwa na jagi la maziwa mkononi. Nikampa jani.

Aliliweka jagi chini kwanza. Halafu akalipokea.

"Nimepokea," akasema. "Sasa kamwambie mwenye gari. Mimi sitamwambia kwa niaba yako."

Akanirudishia lile jani, akatangulia kati ya migomba hadi kwenye kaburi, ambalo udongo wake bado ulikuwa umevimba. Akasimama kando, mgongo kwangu. Nikachuchumaa, nikaweka isale kichwani pake.

"Kaka," nikasema, "gari lako halikuwa bovu."